Mkunja Majani wa Shamba la Baba Mkwe

Kwa Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake. Nilipoolewa kijijini Nkunga nikitokea mjini Tukuyu, nilidhani hiyo ni mila iliyokwisha. Kumbe baba mkwe wangu ameitunza kuliko suti yake ya kanisani. Akiwa na neno nami, humwambia mama mkwe kwa sauti ya kuhubiri, na mimi niko nyuma ya ukuta, hatua tatu tu.

Siku majani yetu ya chai yalipokataliwa kwenye kituo cha kununulia kwa kuwa yamekunjika, neno lilikuwa hili: "Mwambie mkweo anayakunja majani kama chapati!"

Iliniuma. Mwanamke wa mjini asiyejua kuchuma chai: jina hilo likikukaa huku kwetu, utazikwa nalo.

Nikarudi shambani. Kila jani lililokunjwa lilikuwa bado juu ya mti, halijaguswa na mkono wangu. Nilipolifungua moja, kiwavi wa kijani alirudi kinyumenyume, akajidondosha na kuning'inia kwenye uzi. Uzi huohuo ndio anaoshonea jani ukingo kwa ukingo, halafu anakaa ndani na kuila nyumba yake mwenyewe. Fundi wa ajabu huyo.

Nikatia majani matatu ya namna hiyo kwenye chupa ya jamu, nikafunika kwa kipande cha khanga, nikaiweka pale baba mkwe anapoota jua. Nami nikahubiri: "Mama, mwambie baba, mkunjaji yumo humo!"

"Kwani mimi redio?" mama mkwe akalalamika.

Baba mkwe akajifanya haoni chupa. Lakini kila siku nilikuta imetiwa majani mabichi, na mimi sikuyatia. Nami nikajifanya sioni, mzee naye ana heshima zake.

Kiwavi mmoja akageuka bundo, yaani pupa wa kahawia, ndani ya jani. Asubuhi moja naosha vyombo, nikasikia sauti ya baba mkwe:

"Ugwe, mwanangu! Njoo, anatoka!"

Ugwe ni "wewe" kwa Kinyakyusa: aliniita mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mama. Nikaenda na mapovu mikononi. Alikuwa nondo mdogo, hafiki ukucha wa kidole changu, rangi ya jani kavu, mabawa ameyalaza mgongoni umbo la kengele.

"Ndiye huyu," nikasema.

"Ndiye. Nilikuonea, mwanangu."

Hakubandua macho kwenye chupa. Yangu nayo yalikuwa hapohapo, ila machozi yalishanizuia kumwona huyo nondo.