Siku Niliyoifungulia Dunia Nzima Seva ya Ofisi

Hii nimeificha miaka mingi, lakini leo ngoja niwaambie mnicheke. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, nami ndiye fundi kompyuta wa shirika moja dogo pale Mbulu mjini, nina chumba chenye dirisha, seva, ile mashine ya kupitishia barua pepe za ofisi, inanguruma polepole, nje ukungu umefunika soko lote, na kazi yangu kubwa (nakiri) ilikuwa kuutazama ule ukungu mpaka chai ipoe.

Alhamisi moja akapiga simu Mwalimu Tluway, aliyenifundisha darasa la nne, siku hizo mwakilishi wetu kule kijijini Daudi. Alitaka kutuma kwa barua pepe fomu ya binti yake Rebeka kwenye chuo cha uuguzi Arusha, mwisho kesho yake, na seva inamkatalia kwa kuwa yuko nje ya ofisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mashine yako inaniuliza mimi ni nani."

Nilitakiwa nimpe neno la siri, basi. Lakini mimi nimwambie mwalimu wangu ajitambulishe? Niliona aibu, nikaondoa ulinzi wote, yeyote apitishe barua, nitafunga baadaye, kisha nikarudi kwenye ukungu wangu nikasahau kabisa. Mwalimu naye akaenda kwanza kunywesha ng'ombe, akatuma jioni.

Kumbe matapeli walishauona mlango. Asubuhi, mbele ya wageni wa mkoani, mama mkurugenzi akasoma kwa sauti barua ambayo wageni hao walikuwa wameipata kwa jina la ofisi yetu: dawa ya nguvu za kiume, bei imepunguzwa. (Mzee mmoja akaomba arudie hapo kwenye bei.) Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikakimbilia seva. Fomu ya Rebeka ilikwama nyuma ya msururu wa barua za dawa, na chuo, kwa kutuona nasi matapeli, hakikupokea tena barua yoyote kutoka kwetu. Nikaichapa, nikapanda basi nimeikumbatia bahasha, njia nzima naona mashamba yanapita kama naota. Nilifika jioni, geti limefungwa.

Rebeka alisubiri mwaka mzima. Nilipokwenda kuomba radhi, mwalimu alinipa maziwa kwanza, akaniacha ninywe yote.

"Hata zizi lina mlango, mwanangu. Ungeniuliza tu."

Sasa kwangu hapiti mtu bila jina na neno la siri, awe mkubwa kiasi gani. Mwalimu mwenyewe akipiga simu hanisubiri hata nimwamkie.

"Marahaba. Ni Tluway, wa Daudi. Haya, niulize."

Namwuliza.