Nyumba Tatu za Wafinyanzi

Harufu ya chaki, wapakizi wa soko la Sanyuanli, huku ughaibuni ninakonunua bidhaa, wanapoandika alama kwenye marobota yangu, hunirejesha kijijini siku ya sensa. Karani alikuwa amehesabu kaya za wakulima na kutia milango yao alama ya chaki, akafunga daftari. Nyumba tatu za wafinyanzi wa bondeni aliziacha, na asiyeandikwa angenyimwa shamba. Bibi akamzibia njia, nami nimeshika upindo wa kanga yake uliolowa jasho.

“Mume wangu, hujamaliza kazi,” alimtania.

“Bibi, mwenyekiti kasema wale ni wapita njia.”

“Maji uliyokunywa kwangu yalipoa katika mtungi wa nani?”

“Mwenyekiti ndiye mwenye kauli.”

“Basi na aje aniondoe hapa.”

Karani alicheka, Bibi hakucheka wala hakusogea. Jua lilipowachoma wote wawili, karani alifungua daftari, akauliza njia ya kuteremkia bondeni. Bibi akatangulia.