Kukiri kwa Mzee wa Biliqo

Nilikuwa mkalimani katika mahakama ya Isiolo. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nyumbani tulizungumza Kisomali, na Kiborana nilikijua tangu utotoni, nikiwahudumia watu wa Merti dukani kwa baba.

Asubuhi moja aliletwa mzee kutoka kijiji cha Biliqo. Alishtakiwa kumpiga mjane kwa fimbo kisimani, walipogombania zamu ya kunywesha mifugo. Nilimweleza shtaka kwa Kiborana, nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli nilimpiga," akasema, "na mambo hayo yalikwisha. Wazee walikaa, nikatoa mtamba wa ng'ombe, tukasameheana."

Kesi zilikuwa nyingi siku hiyo. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Anakubali." Hakimu akaandika.

Nilipoketi roho ilinisuta. Kwa Waborana, kukiri ndiko kunakoleta suluhu; asiyekiri hapatanishwi. Kwa Kanuni ya Adhabu, ukikiri umepatikana na hatia. Mzee alidhani anajibu baraza la kwao, nami nilikuwa nimeyakata maneno yake. Nikasimama.

"Mheshimiwa, sikutafsiri yote."

Hakimu akaniruhusu niseme yaliyobaki. Hakunigombeza. Alilifuta lile jibu, akaagiza mjane aitwe wiki iliyofuata.

Mjane alikuja na kovu juu ya sikio. Akaulizwa kama amesamehe.

"Mtamba walipewa kaka zangu," akasema. "Kichwa kilichopasuka ni changu. Mimi sikuulizwa."

Kaka yake, aliyeketi benchi la nyuma, akatazama chini. Mwendesha mashtaka akaomba kesi iendelee. Safari hii nilimfafanulia mzee kwanza maana ya kukiri mahali pale. Akakiri vilevile, akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja.

Mchana nilimuuliza hakimu kama ni haki mtu kulipia kosa moja mara mbili. Akanieleza kwamba hata hiyo Kanuni ya Adhabu ilitoka mbali: Waingereza walitumia kwanza sheria za India, baadaye wakaleta nyingine zilizofuata za Queensland, Australia.

"Watu wa Biliqo hawakuulizwa na yeyote sheria hizo zilipoletwa," akasema. "Lakini na huyu mama wazee wake hawakumuuliza. Leo ameulizwa."

Nikatoka. Nje nilimkuta mzee akifunga kilemba chake.

"Binti yangu, yule mtamba niliyemtoa alikuwa wa nini?"

"Alikuwa wa kuwatuliza kaka zake, mzee. Adhabu ya leo ni ya serikali."

"Na mama mwenyewe amepata nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna aliyelitaja hilo.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule mjane sokoni. Aliniambia kuwa mzee ndiye aliyeitisha kikao cha wazee tena, na safari hiyo mjane mwenyewe alikaa akasema yake. Mtamba alihamishiwa kwenye boma lake. Kaka zake hawakufurahi, na hadi siku ile mmoja alikuwa bado hajamsalimu.