Ua la Nyota Sebuleni Siku ya Wageni wa Achieng

Leo nacheka, lakini siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi baba mzima, muuza vipuri vya pikipiki hapa Suna, kwa sababu ya ua. Ndiyo, ua. (Majirani bado hunisalimia wakiwa wameshika pua, nami huitikia tu, nitafanyaje?)

Mimi hupenda maua, na si haya yanayoota mbele ya kila nyumba, bali yale ambayo ukiyaona lazima usimame uulize, hili nalo limetoka wapi? Nyuma ya nyumba nina okidi zilizoshikilia magogo kwa mizizi yake, na mama mmoja wa Kendu Bay anayekuza mimea ya ajabu alinikatia kipande cha mmea usio na jani hata moja, vijiti tu vya kijani vyenye pembe nne, laini kama mahameli. Nikamuuliza ua lake likoje. Akatabasamu: "Utajionea. Ila liweke nje." Nikadhani ni mambo ya jua.

Mmea ukakaa miezi na miezi bila kusema neno, halafu ghafla ukatoa tumba. Yawa, tumba gani hilo! Likavimba kama puto, mimi kila asubuhi kabla ya chai niko pale nimechuchumaa, nalibonyeza kidogo kwa kidole, nabahatisha rangi, litakuwa jekundu? Zambarau? Mke wangu akasema hata mimba yake ya kwanza sikuichungulia hivyo.

Basi Jumamosi moja tukawa tunangoja wageni kutoka Homa Bay, watu wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu Achieng. Asubuhi hiyo nikaona tumba limeanza kuachia kwenye mishono. Nikawaza, lifunguke nikiwa ndani na wageni, nilikose? Haiwezekani. Nikabeba chungu kimyakimya nikakiweka sebuleni nyuma ya pazia la dirisha, nikiwa na mpango kwamba tukishakula nitafungua pazia, wageni washangae, wajue Achieng ametoka kwa watu wanaojua kitu kizuri.

Wakaja, tukaomba, tukajulishana, chakula kikaletwa: ugali, kuku, samaki, na sufuria kubwa ya nyama ya ng'ombe. Mzee Oloo, baba ya kijana, akamega tonge, akalipeleka mdomoni, mkono ukasimama njiani. Harufu ilikuwa imeingia. Si harufu ya kusingizia kiatu cha mtu, hapana, ni ya mzoga uliolala juani. Nzi wakaanza kupita juu ya vichwa vyetu. Dada yake, Waya Dorina, yaani shangazi wa kijana, akachungulia bakuli, akaniuliza kwa sauti ya adabu sana, "Baba Achieng, hii nyama mlinunua lini?"

"Leo asubuhi!" nikasema, nikainama kuinusa, na ndani ya chumba kile hata chungwa lingenuka mzoga, basi nikaamini kabisa. Ningenyamaza tu! Badala yake nikanyakua sufuria nikawamwagia mbwa mbele ya wageni, nikampigia simu Ouma, mwenye bucha pale kwenye kona, rafiki yangu wa siku nyingi, nikapiga kelele mtaa mzima usikie: "Umeniuzia mzoga siku ya wakwe zangu!"

Ouma akakata simu. Alikuja mwenyewe na koti lake lenye damu, na nyuma yake watu wote waliokuwa wanangoja kupimiwa nyama. Akasimama mlangoni, akanusa, akaniangalia.

"Nyama iko wapi?"

"Nimemwaga."

"Umemwaga, na harufu imebaki humu ndani. Sasa hiyo ni nyama gani?"

Achieng, ambaye tangu wageni waingie alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi mtarajiwa, akawa anafuata nzi kwa macho, mmoja baada ya mwingine, wote wakielekea kwenye pazia.

"Baba," akasema polepole, "umeweka nini pale?"

Nikafungua pazia. Na hapa ndipo aibu yangu inapozidi, kwa sababu neno la kwanza kunitoka, tena kwa furaha, lilikuwa, "Limefunguka!" Nyota ya pembe tano, pana kama sahani, njano iliyochorwa mistari myembamba ya rangi ya damu, ina manyoya kama ngozi ya mnyama, na katikati nzi wamejaa wanataga mayai.

"Ni ua?" mke wangu akauliza.

"Ni ua."

Waya Dorina ndiye aliyeinuka kwanza, kitambaa puani, akasogea. "Sasa mbona linanuka hivi?"

"Nafikiri linawaita nzi," nikasema, na mimi ndio kwanza nalielewa, "kama vile mengine yanavyoita nyuki. Wanadhani ni nyama."

"Kama wewe," Ouma akasema.

Hapo Mzee Oloo akaangua kicheko, na punde si punde tukawa wote tumelizunguka, wakwe, mke wangu, wateja wa bucha, kila mtu ameshika pua na hakuna anayetaka kuondoka, mmoja anagusa manyoya, mwingine anauliza huzaa tunda gani. Nikalitoa nje. Nikamgeukia Ouma nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini. Akakataa. "Tumia ile sauti ya kwenye simu." Nikaitumia, mtaa mzima ukasikia tena.

Wageni walikula kuku na samaki uani, penye hewa. Wakati wa kuagana Mzee Oloo akanishika mkono: "Binti tumempenda. Ila siku mtakapokuja kwetu, hata boga mtuletee, tutashukuru. Ua, hapana."

Maua sijaacha, wala sitaacha. Lakini nimeapa kwamba harufu mbaya ikinifikia tena, nitaitafuta chumba kizima, hadi nyuma ya pazia, kabla sijamtaja rafiki yangu.