Mwaka wa Kwanza wa Wifi

Habari ilimfikia Mama Bonge akiwa amechuchumaa mbele ya gunia la mkaa, mtoto mgongoni, akichagua vipande vilivyo vizima. Muuza mkaa alijaza ndoo, akaitikisa, akaijaza tena, kisha akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza. Kutoka huko huko chini akauliza kama yule wifi yake mwanachuo hajambo. Mama Bonge akasema hajambo. Akaulizwa kama anakula vizuri. Akasema anakula. Muuza mkaa akainuka, akajifuta mikono kwenye pindo la gauni.

"Mimi si mtu wa maneno," akaanza, na Mama Bonge akajua kwamba leo maneno atayapata yote.

Aliyapata yote. Mwanachuo ameonekana kliniki ya akina mama, na si mara moja. Binti wa muuza mkaa, ambaye siku zake zimekaribia, amemkuta pale kwenye benchi, begi mapajani, amejibana katikati ya wenye matumbo yao kana kwamba na yeye ana zamu. Sasa mtu asiyeumwa, asiye na mtoto wala mume, kliniki anafuata nini? Chuo si kimefungwa? Neno lenyewe muuza mkaa hakulitamka. Alichora tumbo hewani kwa mkono mweusi, akahema, halafu akaongeza vipande viwili juu ya ndoo bure, kama mtu anayetoa pole.

Mama Bonge alirudi nyumbani mbio mbio. Kwa kawaida ya muuza mkaa huyasikiliza kwa sikio moja, maana ni huyo huyo aliyewahi kumzika fundi cherehani kwa mdomo, na fundi mwenyewe yuko dukani anakata suruali. Lakini safari hii kulikuwa na mambo ambayo hata yeye aliyaona, akayanyamazia.

Tangu chuo kifungwe, wifi yake amekuwa kiguu na njia. Anakoroga chai mpaka inapoa, halafu hainywi. Akishika kitabu hasomi amekaa, anasoma akitembea, mlangoni mpaka dirishani, dirishani mpaka mlangoni, midomo ikicheza, na Bonge kwenye mkeka anamfuata kwa macho kama anatazama mpira. Viatu vyake vimelika kisigino upande mmoja. Asubuhi anaosha vyombo haraka haraka, anatwaa begi, anasema anatoka kidogo. Akirudi, jua limeshageuka.

Na kulikuwa na lile la Jumapili.

Mumewe Mama Bonge ni fundi wa lifti. Kutwa yuko kwenye majengo marefu, anaingia kwenye mashimo ambayo watu wa ofisini hawajui kama yapo, na anajulikana na walinzi wa mji mzima. Yeye humwita dada yake Profesa, kwa utani, lakini akiwa mbele za watu utani unapungua na fahari inaongezeka. Basi Jumapili hiyo alirudi uso umemng'aa. Kwenye jengo moja, ghorofa ya tisa, kuna kampuni ya wageni inayotafuta msichana wa mapokezi mwenye Kiingereza kilichonyooka. Yeye ameshamsemea dada yake. Meza ya kioo, kiti cha kuzunguka, kiyoyozi. Anaanza Jumatatu, si ya kesho, ya wiki ijayo, na chuo ataacha.

Mazungumzo yalipoanza, Mama Bonge alifanya afanyavyo siku zote. Alimbeba Bonge, akaenda jikoni. Hakuna aliyewahi kumwambia atoke. Tangu alipoolewa aliona kwamba ndugu wakianza kusema ya kwao, ni vizuri mtu mwingine awe na kazi mahali pengine, na sasa mikono yake ilikwishazoea. Inamchukua mtoto hata kama amelala. Kwa hiyo, kama mengi ya nyumba ile, na hilo alilisikia nusu, kupitia pazia, juu ya mlio wa sufuria. Alimsikia mumewe akisema mtu akijifunza udereva, muda mfupi tu yuko barabarani. Sasa yeye mwaka mzima yuko na lugha moja, Kiingereza gani hicho kisichokwisha? Alisikia kicheko, cha mume. Alisubiri kusikia cha wifi yake, hakukisikia. Kisha ikaja sauti ndogo ikisema, sawa, kaka.

Mtaani nako hakuna aliyejua hasa mwanachuo anasomea nini. Fundi cherehani alipoleta karatasi ya maelekezo ya mashine mpya, mwanachuo aliisoma mbele nyuma, akakiri kwamba maneno anayajua, ila hicho kidude kinachosemwa hakijui kiko wapi. Fundi akakunja karatasi yake kwa upole. "Basi hicho chako ni Kiingereza cha mapenzi," akasema, na tangu hapo akawa anamsalimia kwa kuweka mkono kifuani.

Alhamisi ilikuwa siku ya Bonge kupimwa uzito. Mama Bonge hakumwambia mtu. Alimwogesha mtoto, akatia kadi kwenye mkoba, akaenda roho juu, akiomba njiani akute benchi limejaa watu wote wa dunia isipokuwa mmoja.

Alimsikia kabla hajamwona. Pale ukumbini, karibu na mizani inayoning'inia, palikuwa na nguzo, na nyuma ya nguzo sauti ya wifi yake ikisimulia. Palikuwa na dada wawili, ilisema, nchi ya baridi, baridi ya kuua mtu, na nyumba nzima ina koti moja. Mmoja akitoka, mwenzake anabaki ndani. Hawajawahi kutembea pamoja tangu mama yao afe. Siku moja mdogo akavaa koti, akasema anafuata mishumaa dukani. Hakurudi.

"Ana mwanamume huyo," akasema mwanamke mmoja, bila kusita.

Mwingine akasema si lazima, huenda kaanguka kwenye barafu. Wa tatu akataka kujua kwa nini hawakushona blanketi wapate la pili, watu gani hao wasiojiongeza. Wa nne alikuwa amelala, mdomo wazi. Yule aliyetaja mwanamume akauliza sasa huyo aliyeachwa ndani, kutwa nzima anafanya nini. Mama Bonge, akichungulia kando ya nguzo, alimwona wifi yake anainuka, anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anakaa, anainuka tena. Muuguzi akaita namba, na aliyeitwa akaondoka shingo imegeukia nyuma, hataki kupitwa.

Hapo ndipo Bonge alipomwona shangazi yake, akapiga ukelele wa furaha ulioamsha hata yule aliyelala.

Walirudi pamoja kwa miguu. Bonge alikuwa ameongezeka vizuri, muuguzi alimsifu mapaja, lakini mama yake hakuzisikia sifa. Walipita duka la vioo, wakaufuata ukuta mrefu wa shule. Mwishowe Mama Bonge akapiga moyo konde.

"Wifi, usinifiche. Una mimba?"

Mwanachuo alisimama katikati ya njia. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka wapita njia wakatabasamu bila kujua sababu. Mama Bonge naye alikuwa ameanza kucheka alipoona kwamba mwenzake hacheki tena, mabega ndiyo yanaendelea. Akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro, akamwekea Bonge mapajani. Hakuna dawa nyingine aliyokuwa nayo.

Ndipo yakaanza kutoka. Kliniki alipajua mwezi uliopita, siku aliyopeleka kadi ya Bonge iliyosahauliwa nyumbani. Akakaa kidogo apumzike, akajikuta hataki kuondoka. Pale hakuna anayemuuliza anasoma ili awe nani. Wanamuuliza tu kama yule mbele yake ameshaitwa.

Alisema miezi ya kwanza chuoni hakuelewa kitu. Mwalimu anafundisha amefumba macho, wenzake wanatikisa vichwa, naye akatikisa. Watu wa vile vitabu aliwachukia. Wanatoka kutembea kwenye mvua na hakuna aliyewatuma. Mtu anaulizwa swali jepesi, anafikiri ukurasa mzima ndipo ajibu. Akawa anasoma kama anayelipa deni. Halafu mahali fulani katikati ya mwaka, siku hata haijui, akasahau kuwachukia. Tangu hapo masikio yakaharibika. Mtu anasema jambo dukani, la kawaida kabisa, na sentensi inamganda kutwa. Kaka yake anaingia nyumbani, kabla ya salamu anatazama dari, kama anaangalia nyumba imening'inia kwenye kitu gani, na yeye analiona hilo, na anaona haya, kama anayewachungulia watu wake mwenyewe kwenye tundu la ufunguo.

Mama Bonge alitaka kusema kwamba lile la dari yeye aliliona tangu wiki ya harusi. Aliliacha.

Kile kitabu cha koti alikiandikia mtihani, akasema mwanachuo. Alijaza kurasa juu ya maana ya koti, umaskini, wanawake, akasifiwa. Lakini tangu wafunge chuo, yule dada aliyebaki ndani hamwachi. Alipokuwa akisoma alimpita mbio, kwa sababu dada huyo hatoki kwenda popote, na kwenye mtihani hakuna aliyemuulizia. Sasa anamsimulia kila asubuhi benchini, na kila mara mtu anauliza anafanya nini mle ndani, na hana jibu, na akirudi kwenye kitabu jibu linakaribia kuwepo, kisha halipo. Kwa hiyo hawezi kukaa. Akikaa, miguu inamwasha.

"Kaka akiniuliza faida yake nini, sina la kumwambia," akasema. "Ndiyo maana nilisema sawa. Na ile kazi si mbaya, wifi. Ningekuwa mtu mwingine ningeifurahia. Lakini nikiacha sasa, nitakuwa kama mtu aliyetolewa chumbani wenzake bado wanaongea. Maisha yangu yote nitakuwa nasikia nusu."

Mama Bonge alimchukua mtoto, akamweka begani kwake, ingawa hakuwa amelia. Chumba hicho alikijua. Alijua pazia lake na rangi ya pazia. Kuhama kwao kutoka kule walikokuwa wakikaa alikusikia nusu. Mama yake mzazi aje akae nao au asije, nusu. Hata habari ya yeye kuendelea na shule alipomaliza darasa la saba ilizungumzwa barazani yeye akiwa uani anasuuza ndoo, na alipoingia ilikuwa imekwisha. Mtu anaweza kuishi hivyo. Anazoea, sehemu iliyobaki anaijaza kwa kusugua masufuria. Lakini hakuona kinywa cha kumwambia mwenzake kwamba si kitu.

Badala yake akauliza, "Alirudi?"

"Nani?"

"Mwenye koti."

Mwanachuo akamtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo ametulia kabisa. "Alirudi. Bila koti."

Waliinuka, na Mama Bonge akafikiri mpaka walipofika kona ya muuza mkaa. "Na mwenzake alimfungulia?"

"Kitabu kinaishia mlangoni."

"Watu wabaya hao walioandika," akasema Mama Bonge, na wakapita mbele ya muuza mkaa mkono kwa mkono, taratibu, makusudi, ili matumbo yao yote mawili yaonekane vizuri.

Jioni mume alirudi mapema. Mama Bonge alikuwa ameshainjika maharage, wifi anatembea, Bonge anamfuata kwa macho. Mume alisimama mlangoni, akatazama dari, akasalimia. Mkononi alikuwa na boksi. Aliliweka mezani, akalifungua mwenyewe, asiweze kungoja. Vilikuwa viatu vyeusi vya kike, vya kisigino kifupi, bado vimejazwa karatasi.

"Niliona vyako vimelala upande," akamwambia dada yake. "Huwezi kwenda kukaa kwenye meza ya kioo na viatu vile. Jaribu, Profesa."

Hilo hawakulitarajia. Lingekuwa neno kali, lingejibika. Mama Bonge aliviona vile viatu, akaona na kidole gumba cha mumewe, chenye grisi isiyotoka kwa sabuni, jinsi kilivyovisukuma mezani taratibu visikwaruzike. Alimhurumia mumewe. Alimhurumia na wifi yake. Jumatatu haikuwa mbali, na kama la chuo halikusemwa sasa, kabla miguu haijaingia mle ndani, halingesemwa tena.

Mwanachuo alikigusa kiatu kimoja. Akatoa karatasi, akairudisha.

"Ni vizuri, kaka," akasema. "Vizuri sana. Lakini kaa kwanza. Nina jambo nataka tuzungumze."

Mume akavuta kiti, uso umebadilika. Kutoka jikoni harufu ya maharage ilikuwa imeanza kuwa kali, maji yanakwisha. Mikono ya Mama Bonge haikungoja aiambie. Ilikwishamwinua Bonge kutoka mkekani, na mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea kwenye pazia, wifi yake alipomshika gauni kwa nyuma, kwa vidole viwili tu, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni.

"Wifi," akasema, bila kuondoa macho kwa kaka yake, "leo usitoke. Acha maharage yaungue. Usinisemee kitu, hata nikikwama. Kaa hapa tu, usikie mpaka mwisho."