Kiti, Ama?

Juzi niliiona tena filamu ya Kiitaliano ambayo Mama aliitazama alasiri moja nilipokuwa mdogo, kule Pearland, ughaibuni. Alikuwa ametoka zamu hospitalini, viatu vya kazi bado miguuni, amesimama jikoni akikata vitunguu huku nyama ikinukia tangawizi. Mimi sikujua bado kusoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Kwenye filamu, mume alikuwa akimlilia mkewe aliyefunga virago: "Chi ti ama?" Alitamka "ki ti ama", na masikioni mwangu hicho kilikuwa Kiswahili kitupu. Nikaburuta kiti, kikikwaruza sakafu hadi alipokuwa Mama.

"Mum, uncle wa TV anauliza, kiti ama?"

Mama alicheka hadi akakikalia kile kiti, machozi yakimtoka. Nilidhani ni vitunguu.

Juzi niliyasoma maandishi: "Nani anakupenda?" Swali sikulielewa, lakini jibu nililiburuta mwenyewe.