Milango Miwili ya Nyumba Yangu Njiro

Nilirudi kutoka Finland na stashahada ya ujenzi niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini, nikajenga nyumba Njiro bila mtu kunichangia hata tofali moja. Nayasema wazi kwa sababu ni kweli. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, madukani kila kitu kipo, na kila aliyejenga alitaka madirisha makubwa na sakafu inayong'aa. Nyumba zilipendeza. Ila Juni ikiingia, ukungu ukishuka kutoka Mlima Meru, watu walikaa sebuleni wamejifunika mablanketi.

Kwangu haikuwa hivyo. Juu ya dari nilimwaga maranda yaliyochanganywa na chokaa. Mafundi walicheka. "Bosi, unawatandikia panya kitanda?" Nikawaambia wamwage. Sokoni nilinunua makoti mazito ya mitumba ambayo hakuna aliyeyataka, mke wangu akayafumua na kuyashonea nyuma ya mapazia. Jirani yetu, mtumishi wa serikali mwenye hita ya umeme, alimtania: "Shemeji, madirisha yenu yamevaa makoti, yanasafiri kwenda wapi?" Mgao wa umeme ulipoanza, hita yake ikabaki ya kuwekea magazeti, naye jioni akawa anahamia kwangu na kikombe chake cha chai.

Ndipo nilipomleta mama. Aliishi kijijini, juu ya Kikatiti, akilala jikoni kando ya mafiga kama walivyolala wazee wake. Moshi ulikuwa umemharibu kifua. Daktari alisema asirudi tena kwenye moshi ule, wala jiko la mkaa lisiingie chumbani kwake. Nilifurahi. Nilijua hakuna nyumba Arusha nzima ya kumfaa kama yangu.

Asubuhi ya kwanza mama aliamka, akafungua mlango wa mbele wote, akaketi kizingitini. Nikaufunga. Akaufungua.

"Mama, joto linatoka."

"Na litoke. Nyumba iliyofungwa mchana ni ya watu wanaokula kwa kujificha. Unataka waseme mwanangu amerudi Ulaya na uchoyo?"

Huko kwetu mlimani mpita njia husalimia akiwa barabarani, na mwenye nyumba humwitikia kutoka ndani. Mlango ukifungwa, watu huuliza kuna msiba gani. Basi mama alikaa pale na blanketi lake, upepo unampiga, anakohoa, na nyumba yangu yote ikapoa kama za wengine. Nilipoufunga kwa nguvu, hakubishana. Alifunga kapu lake.

"Umenifungia kama kuku anayeatamia, baba. Mwite mjomba wako aje Jumamosi na pikapu. Narudi kwenye moto wangu."

Kwenda kule ilikuwa kwenda kukohoa hadi mwisho. Niliwaza sana, nikakumbuka nyumba za Finland. Zina milango miwili, na katikati chumba kidogo cha kuvulia viatu, cha giza tu. Mimi nilitengeneza kilicho bora zaidi. Nilikijenga mbele ya mlango wetu wa mbele, unaotazama kaskazini, kwa sababu miezi ya baridi jua letu hupita huko. Ukuta nusu tofali, juu vioo vya madirisha niliyonunua nyumba moja ilipobomolewa Kimandolu. Sakafu nikaipaka rangi nyeusi ivute jua. Mlango wa nje niliutazamisha magharibi, kwa kuwa upepo wetu hutoka mashariki, ili mlango ushinde wazi. Wa ndani niliutia springi ujifunge wenyewe. Fundi mmoja na mimi tulimaliza Ijumaa, mikono yangu ina saruji, stashahada iko ukutani.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Mjomba alifika, akamkuta mama ameketi humo kwenye benchi, blanketi limeshuka mapajani, mlango uko wazi. Mwanamke muuza maziwa alikuwa anapita.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba! Karibu upumzike, mwanangu."

Mjomba akauliza, "Dada, mzigo uko wapi?"

"Mzigo gani? Kaa unywe chai."

"Nimechoma mafuta kutoka Kikatiti!"

"Basi ota jua, yatarudi."

Mjomba aliketi. Baada ya muda alivua koti, kisha sweta, halafu akainama kuchungulia chini ya benchi.

"Jiko mmelificha wapi?"

"Hakuna jiko, mjomba," nilisema. "Hakuna umeme. Kuna mimi."

Mama alicheka, na alipocheka hakukohoa. Alimwacha ndugu yake amalize chai, kisha akampa maagizo kama mtu aliye kwake: mbuzi wake ampe jirani wa kule kijijini, jikoni kwake apige kufuli, na siku akija tena mjini amletee kile kigoda chake, kwa sababu benchi la mwanawe liko juu mno.